Jinsi nilivyompata babu wa mama mkwe wangu kwenye rekodi za bure

Mama mkwe wangu ana miaka 83 na kuna kitu kimoja alikuwa anakililia, anataka kujua babu yake alitokea kijiji gani. Nchi anaijua, Ireland, na mkoa anaujua, Cork, ila Cork ndiyo mkoa mkubwa kuliko yote kule na ukisema mtu katoka Cork bado hujasema kitu. Babu mwenyewe aliitwa Patrick, alihamia New York akiwa kijana, akafariki mama mkwe akiwa mtoto mdogo ambaye hajui hata kuuliza. Baba yake naye hakuwa mtu wa hadithi. Kwa hiyo alibaki na jina, mkoa, na habari moja ambayo familia nzima wanaiamini, kwamba jina lao la ukoo lilibadilishwa na afisa pale Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji cha New York. Mi nimeolewa tu humo ndani lakini watoto wangu ni damu ya huyo mzee, basi nikamwambia mama niachie hii kazi nitaifanya mimi.

Nianze na kosa maana lilinila miezi miwili. Nilichofanya siku ya kwanza niliandika jina lake kwenye saiti moja ya kulipia ambayo inakupa siku chache za bure, nikakuta kuna mtu ameshachora mti wa ukoo, Patrick wa jina lilelile, Cork, umri unaelekea, na juu yake vizazi vinne vimepangwa vizuri kabisa mpaka miaka ya 1700. Nikafurahi jamani, nikaprinti nikampelekea mama mkwe akabandika ukutani. Nikawa naendelea kuongezea majina tu. Halafu siku moja nikafungua sensa ya Ireland ya 1911, hiyo iko bure kabisa kwenye tovuti ya makavazi ya taifa yao, na huyo Patrick wa kwenye mti namkuta yuko kwao na wazazi wake, usiku wa tarehe 2 Aprili 1911. Sasa Patrick wetu mwaka 1910 alishahesabiwa New York. Mtu mmoja hawezi kuwa sehemu mbili. Ilibidi nimpigie mama mkwe nimwambie mama ule mti utoe ukutani, na alinyamaza muda mrefu kwenye simu mpaka nikadhani imekatika.

Nikaanza upya na safari hii nilianzia kwake yeye mwenyewe, nikawa narudi nyuma hatua moja moja na sisogei mpaka karatasi ikubali. Nilifungua akaunti FamilySearch, hiyo hulipii chochote, ni ya kanisa la Wamormoni na wamekuwa wakipiga picha rekodi za dunia nzima kwa miongo mingi, mwaka 2021 walimaliza kuingiza kwenye kompyuta mikanda yao ya filamu kama milioni 2.4 hivi. Ila siyo zote unaziona ukiwa nyumbani, nyingine ukibonyeza inakataa, unaambiwa uende kwenye kituo chao, basi usikate tamaa kama ya kwako iko kwenye hizo, kwenda kituoni nako hulipi.

Sensa za Marekani zinafunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo ya mwisho kufunguliwa ni ya 1950, ilitoka Aprili 2022. Nikampata baba yake mama mkwe kwenye ya 1940, nikarudi 1930 akiwa mtoto kwa baba yake Patrick, nikarudi 1920. Hizi sensa za zamani watu wanaangalia jina na umri wanafunga, kumbe utamu uko kwenye vile visafu vidogo vya pembeni. Ya 1920 inakuambia mtu aliingia Marekani mwaka gani na kama ameshakuwa raia, wanaandika "Al" kama bado ni mgeni, "Pa" kama ameshapeleka karatasi za kuomba, "Na" kama ameshapewa. Patrick ameandikwa aliingia 1909, na "Na". Nikajua basi kuna makaratasi ya uraia mahali. (Kama wa kwenu aliingia miaka ya 1880 jiandae kisaikolojia, sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwenye moto wa Washington mwaka 1921.)

Makaratasi ya uraia nayo inategemea ni ya lini. Ya kabla ya Septemba 1906 mengi hayakuambii kitu zaidi ya nchi aliyotoka, baada ya hapo fomu zikawa za aina moja nchi nzima na zinauliza mpaka meli. Wetu aliomba baada ya hapo, namshukuru Mungu. Nikapata tarehe aliyofika, nikapata jina la meli, na tarehe ya kuzaliwa ambayo yeye mwenyewe aliitaja kuwa 17 Machi, yaani sikukuu ya mtakatifu Patrick. Hiyo tarehe niliiandika pembeni na alama ya kuuliza.

Halafu cheti cha ndoa. Makavazi ya jiji la New York mwaka 2022 waliweka vyeti vyao vya zamani mtandaoni, mamilioni, unaangalia picha ya cheti chenyewe bila kulipa. Ndoa yao ilifungwa Manhattan mwaka 1915 na cheti kinataka majina ya wazazi wa pande zote, pamoja na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Nakwambia hilo jina la mama ndiyo ufunguo wenyewe. Ma-Patrick wa jina letu wako wengi Cork, lakini Patrick ambaye baba yake ni huyu NA mama yake ametoka ukoo ule, wanabaki wachache mno.

Sasa meli. Orodha za abiria za New York unazipata FamilySearch na pia kwenye hifadhidata ya Ellis Island, ni bure ila ujisajili. Nilisachi jina, hakuna. Nikabadilisha herufi, nikaweka nyota (*), ambayo inasimama badala ya herufi yoyote, kwenye sehemu ambazo watu hukosea, hakuna. Nikakaa nikafikiria, aliyesoma huu mwandiko na kuuchapa ni mtu, na herufi ya kwanza ya ukoo wetu kwa mwandiko wa zamani inafanana na nyingine mbili tatu, basi nikaacha kabisa jina la ukoo, nikatumia kurasa za utafutaji za Steve Morse ambazo zinakuruhusu kusachi kwa vipande vipande, Patrick, umri 20 mpaka 22, meli ile, mwaka ule. Wakatoka wanne. Wa tatu ni yeye, jina lake limechapwa kwa herufi ya kwanza tofauti kabisa ndiyo maana nilikuwa simwoni.

Na hapa nataka niseme kitu ambacho ningeambiwa mapema ningeshukuru. Orodha za kuanzia kama 1907 ni kurasa mbili kwa kila kundi la abiria, mstari wako unaendelea ukurasa wa pili. Wengi wanaona jina ukurasa wa kwanza wanadaunlodi wanafunga. Bonyeza picha inayofuata! Ukurasa wa pili wa Patrick, mstari ule ule wa 14, ulikuwa na nauli imelipwa na dada yake, ana dola 8 mfukoni, anakwenda kwa shemeji yake na namba ya nyumba imeandikwa, urefu futi 5 inchi 8, nywele za kahawia, macho ya buluu. Na mahali alipozaliwa. Na kwenye ukurasa wa kwanza kwenye safu ya ndugu aliyemwacha kwao kuna jina la baba, lile lile la kwenye cheti cha ndoa, na jina la kitongoji linaloanzia na Knock.

Mama mkwe nilipomsomea "macho ya buluu" akasema kama ya baba yangu.

Na ile habari ya jina kubadilishwa haikuwa kweli. Orodha zilikuwa zinajazwa na watu wa kampuni ya meli kule kule wanakopandia, Patrick alipandia Queenstown ambayo leo inaitwa Cobh, maafisa wa Ellis Island walikuwa wanamuuliza mtu maswali wakilinganisha na karatasi iliyoletwa na meli. Nilimweleza mama taratibu kwa sababu hiyo hadithi ameilea maisha yake yote. Jina walilibadilisha wenyewe, 1920 wanaliandika hivi na 1930 wanaliandika vile, na hata kule Ireland ile "O" ya mbele ya majina ya ukoo watu walikuwa wanaiweka na kuiondoa.

Kitongoji sasa. Ireland imegawanywa kwenye vitongoji zaidi ya 60,000 na majina yanajirudia vibaya sana, Knock maana yake ni kilima kwa lugha yao ya asili na vilima vipo kila mahali. Karani wa meli naye aliandika alivyosikia. Nilikaa nalitamka lile jina kwa sauti huku naangalia orodha kwenye logainm.ie, ambayo ni hifadhidata ya majina ya mahali kule, nikapata vitatu vinavyofanana kwenye mkoa wa Cork. Kila kimoja nikakifungulia sensa ya 1901. Cha kwanza hakuna familia ya jina lile. Cha pili wapo, baba jina lingine. Cha tatu baba yupo, mama yupo, na watoto sita, wa tatu kutoka mwisho Patrick, miaka 13, mwanafunzi.

Nililia kidogo, sioni aibu kusema.

Ya 1911 ndiyo nimeitazama mara nyingi kuliko karatasi yoyote. Kule wanakuonyesha picha ya fomu yenyewe iliyojazwa nyumbani kwao, siyo nakala. Chini pale pa sahihi baba yake Patrick ameweka alama ya X maana hajui kuandika, na mtu mwingine ameshuhudia. Umri wa mzee 1901 ni 55, miaka kumi baadaye ni 71, na hilo usishtuke ni la kawaida mno, mwaka 1909 pensheni ya wazee ilikuwa imeanza kulipwa kwa waliofika 70 na wengi hawakuwa na uhakika na miaka yao, au walikuwa na sababu ya kuikumbuka vizuri. Kwenye safu ya lugha baba na mama wameandikwa wanazungumza Kiairishi na Kiingereza, kwa watoto pako patupu, yaani wamebaki na Kiingereza tu. Mimi ambaye wanangu naongea nao Kiswahili wananijibu Kiingereza, hiyo safu tupu ilinichoma.

Halafu kuna safu ya mama, watoto aliozaa na wangapi wako hai. Ameandikiwa 9, walio hai 7. Nyumbani humo wako 3. Nilihesabu mara mbili. Maana yake yule mama siku ile alipoulizwa aliwahesabu na wale ambao hawapo, Patrick ameondoka miaka miwili nyuma, pengine kilichomfikia ni barua moja mbili, na bado kwenye hesabu yake yumo.

Kumalizia nilikwenda irishgenealogy.ie, ni ya serikali, unaona picha ya kitabu cha vizazi bila kulipa, vizazi vyenyewe vilianza kuandikishwa kwa wote 1864. Nikampata, 1888, mama ni yule yule wa jina la kwenye cheti. Amezaliwa tarehe 10 Februari kwa mujibu wa serikali. Kwenye kitabu cha kanisa, ambacho kwa sehemu ile ya Cork kiko humo humo kwenye tovuti hiyo, amebatizwa tarehe 29 Januari. Amebatizwa kabla hajazaliwa! Wazazi wakichelewa kuandikisha walikuwa wanasogeza tarehe mbele wakwepe faini, kwa hiyo ya kanisa ndiyo naiamini, na ile 17 Machi nadhani alijichagulia mwenyewe alipofika Marekani.

Nilimpelekea mama mkwe fomu ya 1911 nimeiprinti kubwa, na ramani nimeweka alama. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye ile X, halafu kwenye 9, kwenye 7. Akaniuliza, "Mwanangu, watatu wako hapa, babu wanne, dada aliyemlipia nauli watano. Wawili wako wapi?"

Mmoja nimempata, kaka mkubwa, alikuwa ameoa na anakaa kitongoji cha jirani kwenye sensa hiyo hiyo. Wa saba ni msichana, Hanora, 1901 ana miaka 16 na baada ya hapo simwoni. Siyo kwenye ndoa za pale, siyo kwenye vifo, New York sijamwona. Wiki hii niko kwenye Trove, magazeti ya zamani ya Australia ambayo maktaba yao ya taifa imeyaweka bure, na nikimaliza hapo nahamia Papers Past ya New Zealand. Hanora kule wanaweza kumwandika Honora, Nora, Hannah au hata Nonie, kwa hiyo kila mahali nasachi mara tano. Mama mkwe anapiga kila Jumapili, salamu zikiisha tu anauliza, "Yule msichana je?"