Gauni la Eleonora, kipimo cha moja kwa sita

Kitambaa hakipungui. Unaweza kugawa kila kipimo cha gauni kwa sita, lakini unene wa uzi na ugumu wa mshono hubaki vilevile. Kumvisha mwanasesere mavazi ya Renaisansi (Ulaya ya takriban karne ya 15 na 16) ni kushindana na jambo hilo tangu mkato wa kwanza, na ndilo linalotushughulisha jioni hii tukiwa na picha ya Eleonora di Toledo, mke wa Cosimo I, mtawala wa Florence, mezani.

Mchoraji Bronzino alimchora Eleonora pamoja na mwanawe Giovanni yapata mwaka 1545, na mchoro uko katika jumba la sanaa la Uffizi, Florence, Italia. Gauni ni satini nyeupe yenye mapambo meusi ya mahameli, na komamanga kubwa la zari katikati ya kifua. Si lile alilozikwa nalo mwaka 1562, lililohifadhiwa katika kasri la Palazzo Pitti mjini humo, ingawa wengi waliamini hivyo kwa muda mrefu. Hilo la pili ni satini tupu yenye tepe za mahameli zilizotariziwa. Anayeanza tungemshauri ashone hilo: halina ua la kulinganisha.

Mwanasesere wa sentimita 28 anatosha. Mahameli halisi iwekwe kando kabisa. Manyoya yake kwa kipimo hiki huonekana kama zulia. Tumia hariri nyembamba, na mapambo meusi yachorwe kwa rangi ya kitambaa au yatariziwe kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye uzi wa kutarizi wa nyuzi sita. Komamanga la kifuani lisizidi sentimita 4. Tarizi kabla ya kukata, kitambaa kikiwa bado kwenye fremu, kwa sababu kipande kidogo kilichokatwa huvutika na hariri huanza kufumuka. Ukingo upakwe gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, lakini jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada, maana hariri nyingine huacha doa lisilotoka.

Kiuno ndipo kazi nyingi huharibika. Shati la ndani, sketi ya ndani, bitana na gauni vikikutana hapo, mwanasesere hunenepa kama gunia. Shati liishie juu ya kiuno, sketi ya ndani ishonwe kwenye utepe mwembamba ulioteremshwa milimita 5, kisha kiuno kipimwe upya nguo hizo zikiwa mwilini. Kifua cha gauni kipewe ugumu kwa tabaka mbili za kitani zilizogandishwa kwa wanga; plastiki hukunjika na kuacha alama.

Wapo wanaoona nguo za ndani ni kupoteza muda. Hatukubaliani nao. Mwaka 1515 mfalme Francis I wa Ufaransa alipoomba kwa Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua huko Italia, mwanasesere aliyevishwa kwa mtindo wa mwanamke huyo, ombi lilitaja hadi mashati na nguo za ndani, pamoja na nywele. Gauni hukaa sawa kwa kushikwa na kilicho chini yake.

Sketi ya mita 3 inakuwa sentimita 50. Piga bandi mistari miwili sambamba, milimita 3 kati yake, matobo ya mstari wa chini yakiwa moja kwa moja chini ya yale ya juu; yakipishana, marinda hulala ovyo. Vuta nyuzi pamoja, kisha shona kila rinda peke yake kwenye kifua. Bado sketi itatanuka kama mwavuli, kwa kuwa hariri kidogo haina uzito wa kujivuta chini. Mfunge mwanasesere karatasi ya plastiki, mvishe, nyunyiza maji kidogo, panga marinda kwa vidole, zungusha uzi laini juu yake na uache hadi kesho. Ile plastiki pia huzuia rangi nyeusi kuingia mwilini mwake.

Mikono ya gauni imepasuliwa, na shati hutokeza kwenye nafasi. Usijaribu kulivuta shati halisi: katika nafasi ndogo hivyo hujikunja na kuvimbisha kwapa. Kata vipande vya pamba nyepesi, sentimita 2 kwa 3, vikunje kingo na uvishone kwa ndani.

Wavu unaofunika mabega ya Eleonora pichani ni zari iliyopishanishwa kwa vyumba vya milimita 5, na kila makutano yana lulu. Shanga za milimita 1.5 ndizo zinazolingana na lulu halisi ya milimita 9. Uzi upakwe nta, na kila shanga ya tatu ifuatwe na fundo, ili uzi ukikatika zisimwagike zote.