Usihesabu visiki, pima udongo

Miradi mingi ya kurudisha miti Dodoma ikiulizwa matokeo hutaja idadi ya visiki hai, yaani visiki vya miti iliyokatwa vinavyochipua tena, vilivyopogolewa na miche iliyopandwa. Namba hizo hazisemi lolote kuhusu maji. Mti nao unakunywa. Cha kujua ni kama udongo ulio chini yake unapitisha maji mengi kuliko yale mti wenyewe unayoyatumia, na jibu hilo linapatikana kwa chepe, mzani na madumu ya maji.

Kwanza tuweke sawa habari ya Makutupora, kunakotoka sehemu kubwa ya maji ya jiji. Kina cha maji ya visima vile kimepimwa tangu miaka ya 1950. Uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 55, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Hujazwa kwa mikupuo, katika misimu michache ya mvua kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mwingine kuhusu eneo hilohilo, ukionyesha kwamba mengi ya maji hayo hupenya kwenye vitanda vya mchanga vya mito ya msimu. Kwa hiyo anayedai kwamba visiki vya shamba lake vinajaza visima vya jiji anadai asichoweza kuonyesha. Shamba lako linakujibu kuhusu shamba lako tu.

Na bado jibu hilo lina uzito. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, ndiyo maana tunatarajia mvua za kumwagika kwa mkupuo ziwe kali zaidi. Udongo mtupu ukipigwa na matone makubwa hufanya ukoko juu, na maji huteleza kuelekea korongoni yakiondoka na rutuba yako.

Upenyaji, yaani kasi ya maji kuingia udongoni, hupimwa kwa pete mbili za bati nene, ya ndani kipenyo sentimita 30, ya nje 60. Zipigilie sentimita 5 hadi 10 kwa nyundo, ubao ukiwa juu ili zishuke sawasawa. Weka kitambaa ndani kabla ya kumimina, la sivyo maji yatachimba udongo. Jaza zote mbili kwa kimo kimoja, kisha soma rula kwenye pete ya ndani: dakika ya 1, 2, 5, 10, halafu kila baada ya dakika 10 mpaka kasi isibadilike tena. Pete ya nje ipo ili maji ya ndani yaende chini badala ya kutawanyika pembeni. Ikikauka katikati ya kipimo, anza upya mahali pengine. Andaa maji ya kutosha: kila sentimita 1 ya kimo katika pete hizo ni karibu lita 3, hivyo kujaza sentimita 10 tu kunamaliza dumu moja la lita 20 na nusu ya la pili, kabla udongo haujaanza kunywa.

Linaloharibika mara nyingi ni ukoko. Nyundo ikiupasua ukingoni, maji hupita kwenye ufa na unaandika kasi ya ajabu. Tundu la mchwa hufanya vivyo hivyo. Rudia angalau mara 3 kila mahali, chini ya kivuli, ukingoni mwa kivuli na penye uwazi, kisha chukua thamani ya kati (ile iliyo katikati ukizipanga kuanzia ndogo hadi kubwa) badala ya wastani, maana tundu moja linatosha kuuvuruga wastani wote.

Unyevu ni kazi ya mzani. Chukua udongo kwa kina cha sentimita 0–20, 20–50 na 50–100, ufunge papo hapo kwenye kopo, upime, ukaushe kwa nyuzi 105 kwa saa 24, upime tena. Gramu 120 zikibaki 108, maji yalikuwa 12 kwa 108, yaani asilimia 11. Ukipima tabaka la juu peke yake baada ya manyunyu, utaona chini ya mti pakavu kuliko uwandani, kwa sababu majani yamezuia mvua ndogo. Wengi huishia hapo na kuulaumu mti. Pima tena baada ya mvua kubwa, na ushuke hadi mita 1.

Mti ukizidi nao ni hasara. Utafiti wa Saponé, Burkina Faso, uliochapishwa 2016, ulikuta maji mengi zaidi yakishuka chini ya mizizi pale miti ilipokuwa ya wastani. Ikizidi, inayanywa, na ikikosekana, udongo unafunga. Ndiyo maana kwenye kisiki hai kupogoa si urembo. Acha machipukizi 2 hadi 4 yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine kwa kisu kikali, ondoa matawi ya nusu ya chini, funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mkata kuni wajue kisiki kina mwenyewe. Majani yaliyokatwa yatandaze juu ya udongo mtupu ulio karibu, kisha msimu ujao rudisha pete pale pale, hatua moja pembeni ya matundu ya zamani.