Mchapuko hasi: kukokotoa breki bila kupotezwa na alama ya kutoa

Boda inakuja kwa kilomita 54 kwa saa kwenye barabara ya Jinja, karibu na Lugazi. Dereva anaona tuta, anakamata breki, na baada ya sekunde 3 pikipiki imesimama. Kila sekunde ilipunguza mwendo kiasi gani?

Kiasi hicho ndicho mchapuko hasi: a = (v − u) ÷ t, ambapo u ni mwendo wa mwanzo, v wa mwisho na t ni muda. Kabla hujaigusa kanuni, gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. 54 ÷ 3.6 = 15, kwa hiyo a = (0 − 15) ÷ 3 = −5 m/s². Yaani mwendo unashuka hivi kila sekunde: 15, 10, 5, 0.

Aliyesahau kugeuza hupata 18 na kuliandika bila wasiwasi, na hapo ndipo napenda mwanafunzi ajifunze kulitilia shaka jibu lake. Boda husimamishwa na msuguano wa tairi na lami. Kwenye lami kavu, tairi za kawaida hufikia 7 au 8 hivi, na ni nadra kupita 9.8 ya mvutano wa dunia. Mvua ikinyesha hushuka sana. Kwa hiyo 18 haiwezekani, rudi kwenye vipimo vyako.

Umbali tunaupata kwa v² = u² + 2as. 0 = 225 + 2(−5)s, basi s = mita 22.5. Ukiiacha alama ya kutoa utapata −22.5, kana kwamba boda ilisimama nyuma ya mahali breki zilipokamatwa! Sasa ongeza mwendo mara mbili, kilomita 108 kwa saa, yaani mita 30 kwa sekunde, breki zikiwa zile zile: 900 ÷ 10 = mita 90. Umbali umekua mara nne. Na hapo hatujahesabu muda wa dereva kushtuka: sekunde moja tu kwa mwendo wa kwanza ni mita 15 zaidi, kabla breki hazijaguswa.

Alama ya kutoa yenyewe inaeleza mwelekeo. Rusha embe juu, ukichukulia juu kuwa chanya: mchapuko ni −9.8 likipanda na −9.8 likishuka, ila likipanda linapunguza mwendo na likishuka linauongeza. Kitu hupunguza mwendo pale tu mchapuko unapoelekea kinyume cha mwendo wake.

Maabarani, kosa linaloumiza wengi liko kwenye utepe wa tika-taima, kifaa cha umeme kinachogonga nukta kwenye utepe unaovutwa na kigari. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo nukta hugongwa kila sekunde 0.02. Kigari kikipunguza mwendo, nukta husogeleana. Kata utepe kila baada ya nafasi 5, yaani sekunde 0.1. Hesabu nafasi, usihesabu nukta: nukta 5 zina nafasi 4 tu, na hapo muda wako tayari ni 0.08.

Tuseme vipande vinne vina urefu wa sentimita 8.0, 7.0, 6.0 na 5.0. Mwendo wa cha kwanza ni 0.080 ÷ 0.1 = 0.80 m/s, wa mwisho 0.50 m/s. Wengi hugawanya tofauti hiyo kwa 0.4, kwa kuwa vipande ni vinne, wakapata −0.75. Lakini 0.80 ni mwendo wa wastani wa kipande, kwa hiyo ni mwendo wa katikati ya muda wake, na 0.50 vivyo hivyo. Kutoka katikati ya muda wa cha kwanza hadi katikati ya muda wa cha nne ni hatua tatu, sekunde 0.3. Jibu ni (0.50 − 0.80) ÷ 0.3 = −1.0 m/s².