Kabla ya Kwenda Liuli

Jioni hii mikono yangu inanuka grisi hata baada ya sabuni mbili. Wiki ya tatu sasa Land Cruiser la marehemu baba limekaa chini ya mwembe hapa nyumbani Shangani, Mtwara, likifunguliwa na kufungwa. Keshokutwa alfajiri tunaondoka na watoto kwenda kwa mama mkwe, Liuli, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Tutapita Masasi, Tunduru, Songea na Mbinga, kisha tuteremke Mbamba Bay. Tunatoka baharini tunafika ziwani, kusini yote katikati.

Nitaandika kwanza lile linaloniuma. Safari iliyopita tulijaza gari mpaka juu ya keria: magunia mawili ya korosho, pweza wakavu, ndoo, magodoro. Watoto tukawaweka nyuma, kwenye yale mabenchi ya ubavuni, miguu juu ya mizigo. Tulipoiacha Mbamba Bay tukaingia kwenye vumbi na makorongo, jani kuu la springi ya nyuma likakatika. Gari likayumba. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, akarushwa akagonga kichwa kwenye nguzo ya dirisha. Alishonwa nyuzi nne. Mpaka leo nikimsuka, vidole vyangu vikifika pale huwa vinasimama.

Kwa hiyo safari hii sikuanza na injini. Nilianza na viti.

Mjomba wangu ni fundi wa dizeli tangu ujana wake, na kwetu mjomba akisema jambo la familia, limesemwa. Aling'oa mabenchi yote mawili, akaweka viti vitatu vinavyotazama mbele, kila kimoja na mkanda wa kuvuka bega. Nilidhani ni kazi ya nusu siku. Ilichukua siku nne, kwa sababu alitoboa sakafu na kuweka sahani nene ya chuma chini ya kila bolti.

"Mpwa wangu," aliniambia akiwa amelala chini ya gari, "mkanda ukiushikiza kwenye bati tupu, gari likigonga bati linachanika. Mtoto anaondoka na kiti chake."

Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikiyasikia maneno hayo usiku kucha.

Injini ni ile 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Baba aliipenda kwa sababu fundi wa kijijini anaielewa. Ndani ya daftari lake la gari nimekuta ameandika kwa kalamu nyekundu siku alipobadilisha mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaofanya valvu ziende sawa na pistoni. Hubadilishwa kila kilomita 100,000, na sisi tulishafika 96,000. Mjomba alisema tunaweza kwenda na kurudi, na kwa hesabu ni kweli kabisa. Nikaubadilisha. Ukikatika porini kati ya Tunduru na Namtumbo, valvu zinagongana na pistoni na safari imekwisha hapo hapo, na watoto ndani.

Breki ndizo zilizonishtua. Tunaishi karibu na bahari, na chumvi hailali: bomba la breki linalopita juu ya ekseli ya nyuma lilikuwa limeliwa na kutu kiasi kwamba Mjomba alililaza kiganjani akanionyesha bila kusema kitu. Na njia yetu ina ule mteremko wa kutoka milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hadi ziwani kwenye mita kama 475. Maji ya breki yaliyozeeka yanakuwa yamenyonya unyevu. Breki zikipata moto sana yanachemka, na pedali inazama mguuni. Tumeyamwaga yote tukaweka mapya. Ule mteremko nitaushuka kwa gia ndogo, nikiiacha injini ishike gari, hata wenye haraka wakinipigia honi.

Mengine yamekwenda upesi: filta, fani belti ya akiba, majani mapya ya springi, tyubu na viraka, spea mbili.

Ugumu ukabaki kwenye mizigo. Viti vimekula nafasi ya magunia. Baba watoto alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza tutaingiaje kwa mama yake mikono mitupu. Ana haki, mkwe hafiki Liuli kutoka Mtwara bila korosho. Lakini sikukubali gunia hata moja lilale nyuma ya vichwa vya wanangu. Tulivutana siku mbili. Mwisho magunia tukayatanguliza kwa basi hadi Songea, shemeji ameshayapokea na atatafuta namna ya kuyafikisha. Juu ya keria kuna magodoro tu. Maji lita 40 yapo sakafuni, yamefungwa kwa kamba.

Leo alasiri binti yangu alipanda kwenye kiti chake, akafunga mkanda, akauvuta kwa nguvu mara tatu. Hakusema kitu. Akaufungua, akaenda kucheza.

Mjomba amepita magharibi kukaza nati za magurudumu kwa mara ya mwisho. Ameniambia nikifika Mnazi Mmoja, ile ya Lindi kwenye njia panda ya kwenda Masasi, nisimame, watoto washuke wakojoe, nizikaze tena. Spana nimeilaza chini ya kiti changu.