Alhamisi ya mtungi

Binti yangu alirudi shule Jumatatu na kipande cha pamba mfukoni. Walikuwa wamechanjwa, wale wasichana wa kuanzia miaka 9, ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, na pamba yake hakuitupa. Aliileta nyumbani iwe ushahidi kwamba hakulia. Akanipa niinuse. Spiriti ilikuwa imeshakauka lakini harufu ilikuwepo. Halafu, huku anavua viatu, bila hata kuniangalia, akauliza: "Mama, na mimi nikikua nitachomwa ile sindano yako ya kupungua?"

Nikamwambia akaoge kwanza.

Wakati najichoma alikuwa na miaka 7 na mimi niliamini hajaona kitu. Wengi wenu pia hamkujua. Kuna mlionipongeza kwamba nimependeza, na kuna mlioniita pembeni mkaniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Wote niliwajibu kwamba natembea jioni. Ni kweli nilikuwa natembea jioni.

Nilianza Agosti 2023 nikiwa na kilo 104, presha 150 kwa 95, na magoti ambayo ngazi za ofisini zilikuwa zimeyashinda. Daktari aliyeniandikia alinieleza vizuri, na bado namshukuru. Dawa yenyewe ni semaglutaidi. Ile iitwayo Ozempic imesajiliwa kwa ajili ya kisukari, ile iitwayo Wegovy kwa ajili ya unene, lakini kilichomo ni kimoja, na mimi ningetumia Ozempic kwa sababu ndiyo iliyokuwa inapatikana. Inaiga homoni ambayo utumbo hutoa tukishakula. Homoni ya kweli huvunjika mwilini kwa dakika chache tu. Hii imetengenezwa ikae, ndiyo maana mtu anajichoma mara moja kwa wiki. Inachelewesha chakula kutoka tumboni na inaufikishia ubongo habari kwamba tumeshiba. Unaanza na miligramu 0.25 wiki nne, halafu 0.5, halafu unapanda taratibu. Mdogo wangu aliyekuwa Muscat, Oman, ndiye aliyekuwa ananinunulia kwa cheti hicho, na kila mtu wake aliyekuwa anakuja Dar alikuwa anabeba boksi moja kwenye begi la baridi.

Siku za mwanzo zilikuwa kichefuchefu na choo kigumu. Kisha, kama wiki ya tano, kichwa kikatulia. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuishi na zile kelele. Maisha yangu yote akili ilikuwa jikoni. Niko kwenye kikao nawaza chapati zilizobaki, niko kwenye daladala nahesabu vibanda vya chipsi njiani. Siku hiyo nilikaa mbele ya sahani ya wali maharage, nikala vijiko kama saba, nikaweka kijiko chini, na hakuna kitu ndani yangu kilichonisukuma kukishika tena. Nililia pale pale mezani. Miaka 20 naambiwa jizuie, jizuie, kumbe kuna watu wanaamka na kulala hivi, wala hawajizuii chochote.

Basi Desemba ikaja na harusi ya mdogo wetu wa mwisho, Tanga. Mnakumbuka Desemba ile ilivyokuwa na mgao wa umeme. Nilisafiri na kalamu yangu, kile kifaa cha kujichomea chenye dawa ndani yake, nimeiweka ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana, barafu chini, taulo katikati ili isiguse barafu, kwa sababu dawa hii ikiganda imekwisha kazi. Kalamu ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji siku 56 mradi joto lisizidi nyuzi 30, lakini Tanga mwezi wa kumi na mbili, ndani ya nyumba ya bati, nyuzi 30 ni asubuhi.

Nilifika barafu imeyeyuka na friji ya mama ina joto kama kabati. Kwa hiyo nikafanya kile nilichomwona mama akifanya kwa miaka. Mama ana mtungi mdogo uliokaa ndani ya mtungi mkubwa, katikati yao mchanga uliolowana, juu gunia bichi. Maji yanavyokauka kwenye mchanga ndivyo ndani kunavyopoa. Humo ndimo anamowekea insulini yake umeme ukiwa haueleweki, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikaichomeka kalamu yangu ubavuni mwa kopo, nikafunika gunia, nikaenda kusaidia kuchambua mchele wa harusi na wanawake wengine uani.

Siku zile mbili chakula kilinishinda. Mama alinipakulia pilau kwenye sahani yangu ya zamani, ile ya bati yenye ua. Nikala pembeni, nikasukumasukuma katikati. Alitazama, hakusema. Wageni ndio waliosema. "Mbona mtoto kakonda hivi, Bi Mkubwa?" Akajibu kwamba ni kazi za Dar.

Alhamisi usiku, baada ya Isha, watu wakiwa wamepungua, niliingia jikoni kuchukua kalamu. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, taa ya sola iko sakafuni, gunia limefunuliwa. Kalamu ilikuwa kiganjani mwake. Alikuwa ameishika kama unavyomshika kifaranga, vidole havijaifumba.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini, mama?"

"Usinifiche mwanangu. Una kisukari tangu lini?"

Nikabaki nimesimama. Ndipo nikaona alivyoziunga: nimekonda, sili, nakunywa maji kila saa kwa ajili ya lile tatizo la choo, na sindano nimeificha ndani ya mtungi wake. Mtu mwenye kisukari miaka 14 angesoma nini kingine? Dada yake, mama yetu mkubwa, alianza kwa kukonda hivyo hivyo, na tukaja kumzika na mguu mmoja.

"Mama, siumwi."

"Mtu haweki sindano mtungini kama haumwi." Sauti yake haikupanda. Machozi yalikuwa yanashuka bila uso kubadilika, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja una kalamu na mwingine umeushika mtungi. "Nimewapa nyinyi. Nilijua nitampa mmoja wenu, nikawa naomba tu asiwe wewe."

Nikapiga magoti kwenye sakafu. Naikumbuka sakafu ile, ilikuwa na punje za mchele zilizomwagika, zikawa zinanichoma gotini, na mimi sikusogea. Nikamwambia ni dawa ya kupungua mwili. Daktari ameniandikia. Sukari yangu nimepima, iko sawa.

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema "Alhamdulillah," mara tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Halafu akauliza:

"Ya kupungua tu?"

Lile "tu" bado liko nami. Nilitaka kumweleza kuhusu presha, magoti, usingizi wa kukoroma na kushtuka, nguo za kushonesha kila mwaka, na zile kelele ambazo hata jina lake sikuwa nalo kwa Kiswahili. Nikamweleza, vipande vipande. Alisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama alinilaumu. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuliweka jambo hili. Yule mtoto aliyemlisha kwa mkono wake akanawiri, ambaye mtaani waliita unene wake baraka, leo anachoma sindano ili asione njaa.

Akavaa miwani, akaisogeza kalamu kwenye taa, akasoma maandishi. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ule mfuko wake wa kliniki. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya Machi mwaka ule, mwandiko wa daktari, na jina la dawa lilikuwa lile lile.

"Aliniandikia hii niongeze kwenye insulini," akasema. "Duka la kwanza hawana. Duka la pili wakasema ipo kwa kuagiza, wakanitajia bei, nikawaambia asanteni. Bima haiigusi."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie nini, mama? Mna ada za watoto."

Mwaka ule dunia nzima dawa hii ilikuwa inasakwa. Kampuni ya Denmark inayoitengeneza ilikuwa haiwezi kukidhi mahitaji, na nchi nyingi zilikuwa zinawaomba madaktari wawatangulize wenye kisukari. Hayo niliyajua, niliyasoma kwenye simu, nikayapita. Nilikuwa nayachukulia kuwa mambo ya Ulaya na Marekani. Sikuwahi kufikiri kwamba mgonjwa anayekosa anaweza kuwa na mtungi ninaoufahamu.

Nikamwambia achukue hii. Aichukue sasa hivi, nitaagiza nyingine. Akatikisa kichwa. "Umeshaitumia. Kalamu ni kama mswaki, hata ukibadilisha sindano haiazimwi. Kliniki wametufundisha." Kisha akanyoosha mkono. "Leo ndiyo siku yako? Kaa hapa."

Akanawa. Akafungua sindano mpya, akaizungushia kwenye kalamu kwa vidole vilivyozoea. Niliinua dera. Akapapasa tumbo langu kulia, kisha kushoto, akitafuta, akaniambia nimekuwa nachoma sehemu moja, pameanza kuwa pagumu, nihame kila wiki. Mikono yake ilinukia iliki na kitunguu saumu. Akafinya nyama kidogo kati ya dole gumba na shahada, na nikakumbuka kwamba hajawahi kunigusa tumbo tangu nilipokuwa mtoto wa kusuguliwa na dodoki. Sindano sikuisikia. Nilisikia kalamu ikilia tiki tiki tiki namba zikirudi sifuri, na mama akihesabu kwa sauti, polepole kama anayehesabu rakaa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akangoja kidogo baada ya sita. Ndipo akaichomoa.

Kisha akavuta insulini yake, uniti 18 kwa bomba lake la plastiki, akalipigapiga kutoa hewa, akainua kanga, akajichoma mwenyewe. Tukabaki tumekaa, mama kwenye mbuzi na mimi sakafuni, matumbo yote mawili nje, kila mmoja ameshika pamba yake. Nje walikuwa wanajaribu spika za harusi kwa jenereta.

Mengine yalikwenda haraka. Harusi ilifana. Niliporudi Dar niliongea na mdogo wangu wa Muscat, tukapiga hesabu. Maboksi mawili kwa mwezi hatukuyaweza, moja tuliliweza. Kwa hiyo tangu Januari 2024 lilipokuwa linaingia lilikuwa linapanda basi la Tanga. Mama aliambiwa kwamba mimi nimeshafikia kilo zangu. Daktari wake alimwanzishia kwa dozi ndogo na kumpunguzia insulini taratibu. Kipimo chake cha sukari ya miezi mitatu kilitoka 10.2 kikafika 7.9. Tulikwenda hivyo mpaka Septemba, mdogo wangu akarudi nyumbani kwa kuwa mkataba umeisha, na njia ikafungwa.

Mimi nilipoacha nilikuwa nimefika kilo 93. Nilishaambiwa kwamba kwenye utafiti, walioacha dawa walirudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka mmoja, hata hivyo niliamini mimi nitakuwa tofauti. Kilo saba zimerudi. Kelele nazo zilirudi, nadhani wiki ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya benki. Nilizitambua mara moja, zilipoanza kunitajia sambusa. Na lazima niandike ukweli: nilimpa mama dawa yangu kwa moyo wote, na kuna Alhamisi nyingi nilimwonea choyo mama yangu mzazi. Mambo haya mawili yameishi ndani yangu pamoja na sijui lipi lilikuwa kubwa.

Sasa mtoto anauliza. Ana mwili wangu, kila mtu anasema, na shuleni kuna jina wameshampa ambalo hajaniambia mimi, nimeambiwa na dereva wa basi la shule. Nikimwambia ndiyo, nimempa sababu ya kuanza kungoja. Nikimwambia hapana, nitakuwa nimemwahidi kitu ambacho mimi mwenyewe ningeomba mtu asininyime.

Jana nilimpigia mama, nikamweleza. Akacheka kwanza kuhusu ile pamba. Kisha akanyamaza, nikasikia kuku wake nyuma.

"Mwambie mjukuu wangu aje Desemba," akasema. "Nitamjibu mimi. Aje anisaidie kumwagia maji mtungi, na nitamwonyesha."

Sikumuuliza atamwonyesha nini. Nimeshakata tiketi mbili.