Sabufa, siku ya tisa: kumbe mwizi wa besi ni kochi

Sabufa imekubali jana usiku! Siku nane nimegombana na spika hii ya besi, na kosa halikuwa lake wala la risiva, kifaa kinachozigawia spika sauti.

Kuunganisha hakuna hadithi: waya mmoja wa RCA, wa kawaida wa sauti, kutoka risiva hadi tundu la LFE, yaani la besi; krosova (kitufe cha kukata masafa) ya mgongoni mwa sabufa nimeizungusha hadi mwisho ili risiva ndiyo ikate: chini ya 80 Hz, mitetemo 80 kwa sekunde, iende sabufa. Basi. Lakini nikisimama mlangoni, besi inatikisa dirisha. Nikikaa kwenye kochi, sauti nyembamba kama ya redio ya mkononi. Nikaongeza sauti ya sabufa. Mlangoni ikazidi kuvuma, kochini vilevile. Nikageuza fezi (mpishano wa mawimbi ya sabufa na ya spika nyingine) kutoka nyuzi 0 hadi 180: palibadilika karibu na 80 Hz tu, chini ya hapo patupu. Nikabadili hata waya, tena wa bei mbaya. Nausema leo hadharani: waya wa bei mbaya haujawahi kuniongezea besi hata chembe.

Mwisho nikapiga toni moja moja, kutoka 100 Hz kushuka hadi 25, nikipima kwa simu. Maikrofoni ya simu huku chini ni mwongo, ila kwa kulinganisha sehemu mbili inatosha. Toni zote zilikuja, isipokuwa zilizo jirani na 40 Hz. Hapo shimo!

Nikachukua tepu. Chumba kina urefu wa mita 4.3. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Wimbi linalosimama kati ya kuta mbili huwa na urefu mara mbili ya chumba, yaani mita 8.6. Gawa 343 kwa 8.6, unapata 40 kasoro kidogo. Na wimbi hilo hufutika katikati ya chumba, palepale nilipoliweka kochi kwa madaha. Ikwalaiza, yaani kupandisha masafa hayo kwa mipangilio, nayo ni kumwaga maji kwenye pakacha: kila desibeli 6 (6 dB) za sauti unazoongeza zinadai nguvu ya amplifaya mara nne, na shimo halijai.

Nimelisogeza kochi nyuma sentimita 70. Besi ikaja kifuani. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Leo nilipanga kurekebisha umbali wa spika kwenye risiva. Sijagusa. Nimekumbuka kwamba sabufa mbili, moja ukuta wa mbele na nyingine wa nyuma, zikisukuma pamoja, wimbi hilo la 40 haliamki kabisa. Nina spika kuukuu ya inchi 10 stoo. Nimeshaitoa, sasa natafuta mbao za boksi lake.