Mlarolex ni nani?

Jana bosi kaniita: "Ndugu, huyu Mlarolex anayeingiza msimbo kwenye mradi wetu ni nani?" Ni mimi! Laptopu moja, akaunti mbili za Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), jina la utani la nyumbani likapenya hadi ofisini.

Jioni nikakaa kibandani hapa Ntinda, Kampala, rolex mkononi (chapati iliyoviringishwa na mayai; ndiyo, tena), nikatenga folda mbili, ya kazi na ya nyumbani. Ndani ya .gitconfig, faili la mipangilio ya Git, nikaweka sharti includeIf "gitdir:~/kazi/": mradi ukiwa ndani ya folda ya kazi, linaelekeza kwenye faili lenye jina na barua pepe ya ofisi. Ule mkwaju (/) wa mwisho usiusahau, mimi umenila nusu saa nzima. includeIf inataka Git 2.13 ya mwaka 2017 au mpya zaidi. Funguo za SSH, zinazonitambulisha kwenye seva, nazo nimezitenganisha.

Komiti (commit, mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye Git) za zamani? Bado zinasoma Mlarolex.